Modem mu Chumba cha Mama Mukwe

Siku hizi mu parcelle yangu, hiki kiwanja chetu, kila muntu iko na internet yake mu mufuko, na hakuna anayesemezana na mwenzake. Fabien, mutoto wangu wa mwisho, anakaa pale ku mulango na simu, anacheka peke yake. Nikimuuliza anacheka nini, anasema, "Hapana kitu, Mama." Hapana kitu! Zamani mu hii parcelle ungecheka na internet, bote tungejua unacheka nini, juu internet yote ilikuwa inapita pembeni ya kitanda changu. Siko natania. Kwa miaka mitatu, kila barua, kila foto, kila mupira ambao Fabien aliangalia kwa kujificha, ilipita kwanza mu chumba changu mbele ya kufika kwake. Mi njo nilikuwa nafungua, mi njo nilikuwa nafunga. Na ile miaka ninaikumbuka mupaka moyo unauma.

Jina langu ni Anastasie, lakini hapa Baraka bananiita Mama Élie, kwa jina ya mutoto wangu wa kwanza. Ngoja niseme vile ilianza, na musinikatize.

Solange, mutoto wangu mwanamuke, ni infirmière, muuguzi wa bagonjwa. Aliolewa na Gahungu. Gahungu ni Murundi. Alikimbia kwao, akafika ku camp ya Lusenda na sac moya ya mugongo na diplôme yake mu sachet, akaanza kufundisha batoto ba camp mambo ya ordinateur. Solange alikuwa anatumika kazi ku centre de santé ya pale pale, bakaonana, bakapendana. Sasa mwanaume mukimbizi hana parcelle, hana shamba. Angemupeleka mutoto wangu wapi, chini ya bâche, ile turubai ya bakimbizi? Nikasema bakuje bakae kwangu, mu nyumba ndogo ya nyuma. Bantu balicheka, ee! "Mama Élie, kwako mwanaume njo ameolewa!" Nilibaambia bacheke mupaka mbavu ziume. Gahungu aliniheshimu kuliko bale bote balionicheka.

Na heshima yenyewe njo ilileta matata. Kwetu, mukwe mwanaume na mama ya bibi yake banaoneana haya. Hakuli mbele yake, hakai naye pamoya, hamuangalie uso. Kuingia mu chumba anamolala mama mukwe, ile ata usiseme. Kwao Burundi pia bako na haya zao, na Gahungu alizichanganya zote mbili, akaongeza na yake. Nikipita mu cour, pale katikati ya nyumba, anashusha macho. Akinisalimia, anasalimia ukuta. Mwaka muzima sikujua kama iko na meno mazuri ao mabaya.

Basi, ONG moya, shirika la musaada, ilifunga bureau yake hapa Baraka, ikauzisha bintu. Gahungu akarudi na machine tatu za zamani, ordinateur, zile nzito zenye écran kubwa kama sanduku ya nguo, na modem moya, kale kadude kanakotoshana na kidole, kanakovuta internet. Mupango wake ulikuwa muzuri. Machine moya ishike modem, kisha kwa câble igawie zile mbili zingine: moya ya yeye na Solange mu nyumba ya nyuma, moya ya Fabien, aliyekuwa na bureau yake kadogo mbele ku barabara, anaandikia bantu barua na kutoa photocopie. Connexion moya, machine tatu, parcelle yote inakula.

Lakini réseau, ule mutandao wa simu! Wakati ule antenne ilikuwa mbali, na réseau ilikuwa inakuja vile inapenda. Solange aliazima laptop ku kazi, akatia modem, akazunguka parcelle yote. Jikoni, hakuna. Nyumba ya nyuma, hakuna. Kwa Fabien, barre moya, inapanda inashuka. Ku choo, ndiyo, ata ku choo balijaribu, hakuna. Kisha akaingia mu chumba changu kunionyesha, na mara akapiga kelele: "Barre ine! Hapa! Ku dirisha ya Mama!"

Nilitoka inje, nikamukuta Gahungu amesimama mu cour, macho chini, anatafuna mudomo. Kila muntu alielewa. Machine kubwa ingekaa mu chumba cha mama mukwe, na fundi wake hawezi kuingia mule.

"Tuache tu," akaambia mawe ya mu cour.

"Tuache nini?" nikamuuliza. "Machine itaingia. We hautaingia. Imekwisha."

Fabien na Solange balibeba machine, bakaiweka ku meza pembeni ya kitanda changu. Bakatoboa ukuta, bakapitisha câble mbili, moya ya mbele, moya ya nyuma. Umeme ulikuwa wa panneau ya jua na batterie. Gahungu akaleta kiti kadogo, akakaa inje chini ya dirisha, mugongo ku ukuta, anaangalia kuku. Mi nikafunga rideau, ile pazia. Akaanza kunifundisha, kwa sauti tu.

"Mama anaona nini?"

"Ninaona uso wangu."

"Basi haiyawaka, Mama. Finya ile bouton kubwa."

Mi nilisoma mupaka troisième primaire, darasa la tatu. Herufi ninazijua, lakini Kifaransa changu ni cha soko. Kwa hiyo nilimusomea maneno ya écran herufi moya moya, na yeye inje anaziunga. E, N, R... "Enregistrer, Mama. Hapana kufinya ile." Souris, kale kapanya ka kushika na mukono, ilinishinda wiki mbili. "Pole pole, Mama, upeleke pole pole," anasema. Mi najibu: "Ninapeleka pole pole, yeye njo anakimbia!" Fabien alicheka, nikamurushia kiatu. Gahungu hakucheka ata siku moya. Alirudilia kitu kimoya mara kumi na sauti ile ile, mupaka siku moya nikamuambia mbele aulize: "Imeshika." Nilifurahi siku ile kama mutoto aliyepita examen.

Kazi yenyewe si ngumu, balionifanya niione ngumu ni bantu. Machine yangu inapokea ku modem, inapitisha ku câble. Yangu ikiwa macho, zote ziko macho. Yangu ikilala, zote zimelala. Chini kabisa ku écran, upande wa mukono wa kuume, kulikuwa tutélévision tudogo. Tukiwaka-waka, internet inatembea. Tukisimama, kuko shida, na shida inaanza kwangu.

"Mama, imeanguka!" njo nilikuwa naitwa hivyo. Solange anapiga kelele nyuma, Fabien mbele, na mi niko napiga sombe, majani ya muhogo, ku kinu.

"Nimesikia!" Ninaacha mutwango, ninapanguza mikono, ninaingia. Gahungu kama iko, anakuja na kiti chake, anakaa chini ya dirisha. Tunatafuta, tunapata.

Nilikuwa pia juge, hakimu wa nyumba. Internet yetu ilikuwa kidogo, muntu moya akila mingi, mwingine anabaki na njaa. Solange alikuwa anasoma cours zake za kazi, mara zinasimama. Mi sihitaji kuambiwa. Ninatoa kichwa ku dirisha: "Fabien! Acha mupira!"

"Mama, si mupira! Ni document ya client!"

"Document gani inapiga goli, we mujinga? Nimesikia bantu banashangilia mupaka huku!"

Na jirani zetu banacheka, na client aliyekaa pale anacheka, na Fabien anazima. Kila muntu alijua mwenzake anafanya nini. Bantu banasema ile ni shida. Mi nasema ile ilikuwa nyumba.

Na jumapili ilikuwa siku ya Élie. Huyu Élie wangu alivuka ziwa, akakwenda Nyarugusu, kule camp ya Tanzania. Aliniambia, "Mama, miezi sita tu." Miezi sita! Kutoka Nyarugusu bakamupeleka Amerika, na ilikuwa imepita miaka kumi na moya sijaona uso wake. Baba yake alikufa mbele ya kumuona tena. Siku ya kwanza, Gahungu akasema kutoka chini ya dirisha, "Mama, finya ile picha ya kamera." Nikafinya. Mungu wangu! Élie alikuwa pale, muntu muzima, amenenepa, amevaa jaketi kubwa na iko ndani ya nyumba. Nilishika écran na mikono yote mbili. Fabien na Solange baliingia, majirani baliingia, kitanda changu kilijaa bantu. Gahungu peke yake alibaki inje na kuku.

"Inasikilika, Mama? Picha haikatike?"

"Haikatike, mutoto wangu," nikamujibu. Sikuwa nimemuita mutoto wangu mbele ya siku ile.

Kisha Immaculée akazaliwa, mujukuu wangu. Mama yake akirudilia kazi ya usiku, mutoto analala kwangu, na mwisho akazoea, ata mama akiwa iko, mutoto anakuja kwangu. Alikuwa analala na muguu wake mu mbavu zangu, na taa ya modem inamumulikia uso. Nilikuwa namuangalia mupaka usingizi unanishika. Mi nasema wazi, ile njo furaha yangu kubwa tangu bwana yangu akufe.

Sasa musikie. Mwaka wa tatu, Solange akaja jikoni, akakaa karibu yangu, akaanza kuchambua mboga ya lenga-lenga bila nimuombe. Nikajua kuko kitu.

"Mama, kuko masomo ya santé publique, afya ya bantu bote, ku Dakar. Miaka mbili. Banalipa yote, na karatasi za bwana na mutoto pia banatafuta. Nimeandika, bamenijibu. Banataka kusema na mi ku kamera, mardi, saa ine ya asubui. Bakinipenda, tunakwenda."

"Munakwenda banani?"

"Mi, Gahungu na Immaculée."

"Miaka mbili," nikasema.

"Miaka mbili tu, Mama."

Nilichukua lenga-lenga mu mikono yake, nikamuambia hajui kuchambua. Ile siku nilipiga kila kuku aliyepita mbele yangu. Tu! Muntu aseme "tu" mbele yangu! Élie alisema tu. Gahungu pale camp hakuwa na maisha, mi nilijua. Mwanaume wa akili vile, anafundisha batoto chini ya bâche, hana karatasi ya kumupeleka ata Bukavu. Solange alikuwa na kichwa kuliko bamuganga benyewe. Yote nilijua. Lakini nilijua pia kama akipita ile mardi, mi nitabaki na kitanda kikubwa na Fabien anayecheka mupira.

Mardi, ile jumanne, ikafika. Mi mwenyewe nilikwenda kwa Fabien kuangalia kama amezima machine yake. Solange alivaa chemise nyeupe aliyoipiga pasi mara mbili, na chini kitenge cha jikoni, juu kamera haione chini. Gahungu alipima kila câble. Immaculée alikuwa kwangu, alicheza mupaka akachoka, akalala ku kitanda. Mi nikakaa ku machine, kazi yangu.

Saa ine, nikaona tutélévision tunaanza kuwaka-waka. Sauti ya Solange ilikuwa inapita cour inaingia ku dirisha. Kifaransa safi, hakitetemeke. Sikuelewa yote, lakini mama anajua sauti ya mutoto wake ikifurahi. Alieleza juu ya bamama banaozalia njiani, alieleza juu ya choléra. Kisha nikasikia bale baprofesere ba Dakar banacheka. Banacheka pamoya naye. Nikasema mu moyo: bamemupenda. Amekwenda.

Nikaangalia ku kitanda. Immaculée alikuwa analala, mudomo wazi, mikono juu. Na mukono wangu ukaenda, ukashika ile modem, ukaichomoa. Ninasema mukono, lakini mukono ulikuwa wangu. Mi njo niliichomoa.

"Mama, imeanguka!"

"Nimesikia!" nikajibu, vile nilizoea kujibu.

Gahungu alikuja mbio. Nikasikia kiti kinagonga ukuta.

"Mama, machine inawaka?"

"Inawaka."

"Tutélévision tuko?"

"Tuko."

"Na modem, taa yake?"

Modem ilikuwa mu mukono wangu, moto bado. "Inawaka," nikasema. "Bleu."

"Mama anaona bleu?"

"Gahungu, unaniuliza mara ngapi? Nimesema bleu!"

"Aksanti, Mama," akasema. "Kama Mama anaona bleu, ni bleu. Basi shida iko kwetu."

Akaenda. Nikamusikia kule nyuma anavuta meza, anatoa câble, anarudisha câble. Solange alikuwa anasema, "Gahungu, baliniambia nikikatika banangoja dakika kumi, kisha banaita mwingine. Dakika kumi, Gahungu!" Fabien akapita mbio na simu yake juu kichwani, anatafuta barre, hakupata. Kisha Solange akaanza kulia. Hakulia kwa nguvu. Alilia vile alikuwa analia akiwa mudogo, anameza, hataki bantu basikie. Na mi nimekaa pale na modem mu kitenge changu kama mwizi wa mayai.

Gahungu akarudi. Mulango wa nyumba yangu ulikuwa wazi, na wa chumba ulikuwa rideau tu. Hatua ine, angefika. Nikasema, leo ataingia, na akiingia ataona, na mi nitakufa na haya hapa hapa. Nikashika modem na nguvu. Hakuingia. Nikasikia kiti, pole pole, na mugongo wake unaegemea ukuta.

"Mama," akasema, na ile sauti ya kunifundisha souris. "Kwetu nimeangalia kote, nimemaliza. Sasa ninakaa tu hapa. Mama apumuzike kidogo, kisha aangalie tena. Mi sina haraka."

Hana haraka! Bibi yake analia, dakika zinakwisha, na maisha yake yote iko mu zile dakika, na yeye ananiambia nipumuzike. Niliona haya mupaka masikio yangu ikawaka. Miaka mitatu huyu mwanaume aliishi na mudomo wangu tu. Nikisema nyekundu, nyekundu. Nikisema imekufa, anaamka anatafuta dawa. Ata marehemu bwana yangu hakuniamini hivyo, alikuwa anakuja kuangalia mwenyewe kama chumvi imeingia. Na mi nimemupa bongo, uongo mutupu.

Nikairudisha. Mara ya kwanza niliiweka juu chini, ikakataa. Nikageuza, ikaingia. Nikafinya pale pa kuunga. Machine ikaanza kutafuta, inatafuta, inatafuta. Nikasema: Mungu, hii ni yangu, usimuhesabie Solange. Taa ikawaka. Bleu, na safari hii ilikuwa bleu ya kweli.

"Imerudi!" Nilipiga kelele mupaka Immaculée akaamka na kulia. "Solange! Imerudi! Sema nabo!"

"Aksanti, Mama," Gahungu akasema, akabeba kiti chake.

Bale ba Dakar balikuwa karibu kumuacha, lakini bakaendelea. Bakamupenda. Kisha wiki tatu barua ikafika, ikapita kwangu mbele ya kufika kwake, na mi sikuweza kuisoma.

Balikwenda mwezi wa pili. Gari ya Uvira ilikuja kubachukua mbele ku barabara, kwa Fabien. Gahungu alinishukuru sana, alishukuru na mwamba wa barabara pia, juu mwamba njo alikuwa anaangalia. Immaculée alifikiri ni kutembea tu, akanipungia mukono anacheka. Nilirudi mu nyumba, nikakaa ku machine. Hakuna aliyeniita siku ile. Ata siku iliyofuata. Fabien alikuwa bado na câble yake, lakini muntu moya hana wa kugawana naye, na hakuna wa kumukataza mupira. Kisha antenne mupya ikaja karibu, kila muntu akapata réseau yake mu simu, na machine yangu ikaharibika, ata sikutafuta fundi.

Imepita miaka saba. Miaka mbili "tu" ilikwisha, Solange akapata kazi kule, akazaa mutoto wa pili ambaye ninamujua ku foto. Nina simu, Solange alinitumia. Réseau iko nzuri, ninaona bajukuu bangu vizuri kuliko nilivyomuona Élie siku ile. Lakini ninabaona na kidole, ninapitisha, bamekwisha. Ningepewa nichague, ningechagua ile connexion ya zamani iliyokuwa inaanguka kila siku, juu ikianguka bantu balikuwa banakuja.

Gahungu ananipigia kila jumapili kanisa ikimalizika. Sauti tu. Video hataki, haya yake haijapunguka. Mwezi uliopita malaria ilinipiga, nililala siku tano, nikaona kabisa nakwenda na hii kitu mu tumbo langu. Nilipopona kidogo, jumapili, akaniita, akauliza juu ya dawa, juu ya Fabien, juu ya shamba ya Lweba. Nikamukata maneno.

"Gahungu, siku ile ya Solange na ba Dakar. Internet haikuanguka. Mi njo niliichomoa modem. Niliishika mu mukono na nikakuambia bleu."

Nikafikiri simu imekatika.

"Nilijua, Mama," akasema.

"Ulijua nini? Nani alikuambia?"

"Machine yetu, Mama. Kulikuwa picha kadogo kanaonyesha modem ya Mama iko namna gani. Réseau ikianguka, ile picha inabaki, inatafuta. Siku ile haikutafuta. Ilipotea. Modem haijichomoe."

"Kutoka mwanzo ulijua?"

"Mbele nikuje ku dirisha."

Nilikaa chini. Niliona tena vile alivyovuta meza, vile alivyotoa câble na kurudisha, na alijua kama câble haina kitu. Alifanya yote ile nisikie anatafuta. "Na mulango ulikuwa wazi," nikasema. "Ungeingia. Ningesema nini? Ungeingia, ungeirudisha, ungekwenda."

"Niliuona uko wazi, Mama. Lakini nilijiambia, mi nikiirudisha, tutakuwa tumemuiba Solange. Mama akiirudisha na mukono wake, atakuwa ametutuma."

"Na dakika zingekwisha?"

"Zingekwisha, tungebaki."

Nikamuuliza kama Solange anajua. Akasema hapana, ile ni ya Mama, si yake kuigawa. Kisha akaniuliza tena kama nimekula, na mi nilikuwa nalia mu simu, kamasi na yote, na yeye akangoja, hakukata, mupaka nikamaliza.

Ku kanisa bamama balizoea kunihurumia. "Pole, Mama Élie, batoto bote balikuacha." Jumapili iliyopita Mama Rosette akaanza tena. Nikamuambia anyamaze. Hakuna aliyeniacha, nikasema. Élie alikwenda mwenyewe, lakini Solange na bwana yake na mutoto, mi njo nilibatuma.